Ua la Jabalini

Kila mtu ana jambo moja katika maisha yake ambalo angependa lifunikwe lisahauliwe. Mimi nina langu, nalo nimekusudia kulifunua hapa mbele ya vijana wasomao kitabu hiki, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jambo hilo lilinifundisha elimu ya mimea kuliko vitabu vyote nilivyosoma chuoni. Ya pili ni kwamba mwalimu atakaye wanafunzi wake waseme kweli hana budi kuanza yeye.

Nilizaliwa Kisauni, upande wa bara ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Marehemu mama yangu alipenda sana maua. Uani kwetu palikuwa na asumini, mrehani, mlangilangi na mkadi, na kila jioni ilikuwa kazi yangu kuteka maji kisimani na kuinywesha mimea hiyo. Maji ya kisima chetu, kama ya visima vingi vya upande ule, yalikuwa na ladha ya chumvi kidogo, maana ardhi yetu ni mawe ya matumbawe na bahari haiko mbali. Mimea ya mama ilikuwa imeyazoea. Nami nilikua nikiamini kwamba maji ni maji, na ua ni ua, na mwenye mapenzi na mkono mwepesi hashindwi kuotesha kitu chochote.

Nilipokwenda kusomea ualimu nilimkuta mkufunzi mmoja wa elimu ya viumbe ambaye alikuwa na desturi yake. Kabla hajatuambia jina la mmea, alitutaka tuutazame kwa muda wa dakika kumi, kisha tuandike tulichokiona. Alisema kwamba jina ni kama mlango: ukiufunga mapema, huoni tena yaliyomo nyumbani. Siku moja aliweka mbele yetu chungu kidogo chenye ua la rangi ya urujuani. Majani yake yalikuwa manene kama ulimi wa ndama, yenye manyoya laini, yamejipanga duara moja kama sahani. Katikati yalisimama maua sita au saba, na ndani ya kila ua mlikuwa na nukta mbili za manjano.

Tulitazama, tukaandika. Mimi nilimaliza mapema kuliko wenzangu, na kwa kuwa nilikuwa nimeona maua kama yale kwenye madirisha ya hoteli na katika picha za magazeti ya kigeni, niliandika chini kwa kujiamini: "Hili ni ua la Ulaya." Mkufunzi alipolisoma daftari langu alitabasamu, akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi. Nikamjibu kwamba ni Kisauni. Akasema, "Basi ujue kwamba mtu akitoka kwenu baada ya sala ya alfajiri, kabla ya adhuhuri aweza kufika mahali ambapo ua hili huota lenyewe katika mawe, bila kupandwa na mtu. Wewe na ua hili ni majirani, ila yeye akijulikana dunia nzima, na wewe jirani yake humjui."

Darasa zima lilicheka, nami nikainamisha kichwa. Wahenga wamesema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini hali yangu ilikuwa mbaya zaidi: nilikuwa nimekalia mbacha wangu mwenyewe nikidhani ni msala wa watu.

Kuanzia siku ile nilianza kuitafuta habari ya ua lile. Yafaa niieleze kwa ufupi, maana imefungamana na pwani yetu.

Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar na mpenzi mkubwa wa mimea, alikusanya mmea huu katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1887 mtu mwingine akaukusanya tena, naye ni mmisionari W. E. Taylor, yule yule ambaye wapenzi wa lugha yetu wanamkumbuka kwa kukusanya methali za Kiswahili na tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mimea yao iliyokaushwa ilifika bustani ya Kew huko London, lakini haikuwa mizima vya kutosha kuwawezesha wataalamu kuieleza na kuipa jina. Kwa hiyo ikakaa makabatini.

Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya katika Tanganyika ya Wajerumani, aliuona mmea huo katika majabali karibu na Tanga na katika misitu ya Usambara. Akampelekea baba yake kule Ujerumani, naye baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Wendland akauotesha, ukatoa maua, na mwaka 1893 akauita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa ukoo wa Saint Paul. La pili latokana na Kiyunani, na maana yake ni "mwenye maua kama urujuani". Kwa ajili hiyo watu wengi ulimwenguni huuita urujuani wa Afrika, ingawa si wa jamii ya urujuani halisi wa Ulaya hata kidogo.

Mwaka 1926 wakulima wa maua huko Los Angeles walipata mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakaziotesha kwa maelfu, wakachagua mimea kumi iliyo bora, na kutoka hiyo biashara kubwa ikaenea Marekani. Mwaka 1946 Wamarekani waliunda chama cha wapenzi wa ua hili peke yake. Leo yako ya rangi nyeupe, ya waridi, ya bluu, na yenye petali nyingi zilizokunjamana kama nguo ya arusi. Yote hayo asili yake ni mimea michache iliyotolewa katika mawe na misitu ya nchi zetu.

Na hapa Kenya je? Mtaalamu B. L. Burtt wa bustani ya Edinburgh aliichunguza mimea hii kwa makini sana. Mwaka 1958 aliupa jina mmea wa milima ya Taita, na mwaka 1964 akaupa jina mmea wa majabali ya chokaa yaliyo nyuma ya pwani ya Kilifi. Huu wa pili aliuita rupicola, maana yake "mkaaji wa mawe". Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza chembe za urithi waliipanga upya jamii nzima, wakaiingiza katika kundi kubwa liitwalo Streptocarpus. Majina yamebadilika vitabuni, walakini ua lenyewe halikuhama jabalini mwake.

Nilipokwisha kupata shahada yangu na kurudi Kisauni kufundisha, nia yangu ikawa moja tu, kumwona jirani yangu nyumbani kwake. Mwezi wa Januari wa mwaka mmoja, wakati upepo wa kaskazi unavuma na jua ni kali, nilipanda matatu hadi nyanda za juu za Wachonyi, kando ya Mwarakaya, kisha nikaenda kwa miguu. Njiani nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye shamba lake lapakana na majabali.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae kitako, watoka mbali."

Nilimweleza kwamba mimi ni mwalimu, na kwamba nimekuja kuona ua. Hakucheka wala hakustaajabu. Alimtuma mjukuu wake, kijana wa miaka kama tisa achungaye mbuzi, aniangulie dafu. Nikanywa, nikapumzika, kisha tukaondoka sote watatu.

Majabali yale ni ya ajabu. Yaliumbwa chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na leo yamesimama katikati ya mashamba na minazi, marefu kama nyumba za ghorofa, yamechongwa na mvua hata yamefanya nyufa, mapango na miiba. Nje jua lilichoma. Lakini tulipoingia katika ufa mmoja kati ya mawe mawili, nilihisi kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yenye kivuli. Hewa ilikuwa na unyevu, mizizi ya mitimba ilining'inia kama kamba, na chini palikuwa na majani makavu laini. Mzee akanyosha fimbo yake. "Ndilo hilo," alisema.

Lilikuwa limeshika ukuta wa jiwe mahali ambapo hapakuwa na udongo ujazao kiganja. Nilitoa daftari langu na lenzi ya mkono, nikafanya kama nilivyofunzwa: nikatazama kwanza. Nami nataka wewe msomaji utazame pamoja nami, ili ukilikuta siku moja ulitambue.

Anza na majani. Yanatoka mahali pamoja chini, kila moja na kikonyo chake, nayo yametandazwa duara ili yanase mwanga mchache upitao kati ya mawe. Yashike kwa upole, utahisi unene wake, maana huweka akiba ya maji. Kisha tazama manyoya. Burtt aliitenganisha mimea hii kwa kuangalia manyoya hayo: ni marefu au mafupi, yamesimama au yamelala. Jambo dogo kama hilo, ambalo mpita njia halioni, kwa mtaalamu ni kama alama ya kidole. Sasa tazama ua. Lina petali tano zilizoungana chini, mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa. Katikati mna vifuko viwili vya manjano, navyo ndivyo vyenye chavua. Kando yake kuna kijiti chembamba kilichoinama upande mmoja, katika ua hili kuume, katika ua lile kushoto, kama watu wawili wanaotazamana kiooni. Mwisho, tafuta tunda. Ni kifuko kidogo chembamba, ndani yake mna mbegu ndogo mno, kama vumbi.

Nilichora hata mkono ukachoka. Nilihesabu mimea iliyokuwa katika ufa ule, ikawa kumi na mmoja. Hapo nikauliza, kama mtu aulizaye jambo dogo, iwapo ningeweza kuchukua mmoja.

Mzee aliniangalia kwa muda. "Mwanangu," alisema, "macho hayana mzigo. Beba kwa macho kadiri upendavyo. Lakini mkono uuache. Hapa jiwe latakiwa na wenye tanuri za chokaa na wenye saruji, miti yatakiwa na wachoma makaa. Kila ajaye husema ni kimoja tu."

Nilisema, "Nimesikia, baba." Naye akaniamini. Alirudi shambani na mjukuu wake, akaniacha nimalize kuchora.

Wasomaji wangu, hapa ndipo mahali pa aibu yangu. Nilipobaki peke yangu nilianza kusemezana na nafsi yangu. Nilijiambia kwamba mimi si mchoma makaa, mimi ni mwalimu. Kwamba nitakachochukua si kwa faida yangu bali kwa elimu ya watoto. Kwamba mimea kumi ikibaki hakuna upungufu. Nafsi ikitaka kitu, haikosi wakili. Nikaingiza kisu changu chini ya mmea mmoja, nikaubandua jiweni pamoja na mizizi yake. Nikaufunga katika leso yenye maji, nikautia mkobani, chini ya daftari. Kisha nikaenda kumuaga mzee, nikampa mkono ule ule.

Siku ya pili niliupeleka darasani katika chungu kipya. Wanafunzi wangu waliuzunguka kama nyuki. Msichana mmoja mkimya, akaaye dawati la nyuma, aliniuliza, "Mwalimu, ulipewa na mwenyewe?" Nikajibu, "Nilipewa." Neno hilo moja lilinitoka kwa wepesi, lakini tangu lilipotoka sikuweza kulirudisha.

Nilitaka mmea ule uishi kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote mwaka ule. Niliuweka dirishani palipo na mwanga mwingi. Niliunywesha asubuhi na jioni maji ya kisima, kama nilivyoinywesha mimea ya mama. Wiki ya kwanza jani moja lilivunjika, likaanguka sakafuni. Wiki ya tatu majani yakapata mabaka ya rangi ya nyasi kavu. Wiki ya tano ukingo wa chungu ukafanya ukoko mweupe. Nilipoona majani yanalegea nilidhani ni kiu, nikazidisha maji. Kabla ya Machi kwisha, moyo wa mmea, pale katikati yanapotoka majani machanga, ulikuwa mweusi na wenye kunuka. Nilipouvuta, ulitoka mkononi bila mzizi hata mmoja.

Leo nazijua sababu zote, tena ni rahisi kuzieleza. Ukoko mweupe ulikuwa chumvi ya kisima chetu, iliyobaki kila maji yalipokauka, hata ikaunguza mizizi. Mabaka yalitokana na jua la dirishani na matone yaliyokaa juu ya majani. Na kulegea hakukuwa kiu. Ilikuwa mizizi imekwisha kuoza kwa kuzama, nami nikaongeza maji juu ya maji. Kila kosa nililifanya kwa kupenda. Upendo usio na maarifa ni kama mtu anayemkumbatia mgonjwa wa mbavu. Mmea ule ulikuwa umeishi bila mlezi katika jiwe lisilo na udongo, na mwalimu mwenye shahada akauua kwa muda wa siku sabini.

Niliosha chungu, nikakificha kabatini. Wanafunzi walipouliza, nilisema mmea "umekwisha muda wake". Huo ukawa uongo wa pili, maana uongo hauzai mmoja.

Miezi ikapita, mvua za masika zikaja zikaenda. Mwezi wa Oktoba, asubuhi moja, yule msichana wa dawati la nyuma aliingia darasani ameshika kifuu cha nazi kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na mmea wenye majani manene ya duara, na juu yake maua mawili ya urujuani. Moyo wangu ulisimama. Nilimuuliza alikoupata.

"Ni lile jani, Mwalimu," alisema. "Lile lililoanguka sakafuni. Nilikuwa zamu ya kufagia, nikaona haya kulitupa."

Alitueleza alivyofanya. Bibi yake alimwambia ajaribu kama anavyootesha majani mengine manene uani. Alilikata kikonyo kwa kisu kikali, akabakiza urefu wa kama pingili moja ya kidole. Alitoboa kifuu chini, akakijaza mchanga na usumba. Lakini kwanza aliuosha usumba kwa maji ya mvua mara tatu, kwani bibi yake alijua kwamba makumbi yaliyofukiwa pwani huwa na chumvi. Alichomeka kikonyo mchangani, jani likabaki juu, akakiweka kifuu chini ya baraza ambapo mwanga wafika lakini jua halifiki. Maji alitumia ya mvua tu, yaliyokingwa kwenye pipa chini ya mabati. Naye hakuyamwaga juu, bali alikiweka kifuu katika sahani yenye maji kidogo kwa muda, kisha akakitoa. Asipoona mchanga umeanza kukauka, hakunywesha. Baada ya mwezi mmoja alilivuta jani polepole, akahisi limeshika. Mwezi wa tatu akaona vijani vidogo vinachomoza chini ya kikonyo, si mche mmoja, bali minne. Ilipofikia ukubwa wa shilingi aliitenga, kila mmoja na kifuu chake. Mmoja ulikufa, mitatu ikaishi.

Nilipokuwa nikimsikiliza, nilikuwa nikijifunza kwa mwanafunzi wangu somo ambalo mimi nilidai kulifundisha. Kumbe jani moja tu lilitosha! Kama ningemwomba mzee jani moja badala ya kuiba mmea mzima, huenda angenipa, na jabali lisingepungua kitu.

Kisha yule msichana akasema neno lililonimaliza. "Mwalimu, kwa kuwa yule mzee alikupa wa kwanza, naona ni haki tumpelekee mmoja wa hii, ajue kwamba zawadi yake haikupotea."

Darasa likanyamaza likinitazama. Ningeweza kusema kwamba ni mbali, au kwamba nauli ni ghali. Wakili wangu wa zamani, yule wa jabalini, alikwisha kusimama tayari kunitetea. Lakini nilitazama kifuu kile mikononi mwake, nikaona siwezi. Nikasema, "Wanangu, kaeni. Sikupewa. Niliiba, na nilipowaambia nimepewa, niliwadanganya." Nikawaeleza yote, tangu dafu hata leso.

Hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja aliuliza, "Sasa utafanya nini, Mwalimu?" Lilikuwa swali la haki.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa mzee na kifuu kimoja. Nilimwamkia, akanikaribisha kama kwanza, nami sikukubali kukaa kabla sijasema. Nilipomaliza, alikaa kimya kwa muda mrefu akiangalia chini.

"Niliona shimo siku ile ya pili," alisema. "Sikukudhania wewe, kwa kuwa ulinipa neno lako. Nilidhani ni huyu mjukuu wangu, amebandua apeleke mjini kuuza. Alikana, nikamwita mwongo. Nilimchapa, mwalimu."

Nimewahi kukosea mitihani, nimewahi kuaibika mbele ya watu, lakini sijapata kusikia neno zito kama lile. Nilikuwa nimehesabu dhambi yangu kuwa ni mmea mmoja kati ya kumi na mmoja. Sikujua kwamba kitendo cha siri humwangukia mtu mwingine, na aghalabu aliye mdogo kuliko wote.

Niliomba mtoto aitwe. Alikuja na fimbo yake ya mbuzi, akasimama mbali kidogo. Nikamwambia mbele ya babu yake kwamba ni mimi niliyeuchukua mmea, kwamba yeye alisema kweli na akaadhibiwa kwa kosa langu, na kwamba namwomba radhi. Mzee naye akamwambia, "Mjukuu wangu, nisamehe." Mtoto hakujibu. Alitutazama sisi watu wazima wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akatazama kifuu. Hatimaye akauliza, "Laweza kuishi humo?"

Nikamfundisha kama nilivyofundishwa: maji ya mvua, mwanga bila jua, kunywesha kutoka chini, na kungoja. Nikamwonya pia asiupande jabalini, ingawa ni mtoto wa mmea wa pale pale. Mmea uliolelewa chunguni waweza kuchukua ukungu na wadudu wa nyumbani, ukawaambukiza wenzake waliokuwa salama. Kazi ya kurudisha mimea porini ni ya wataalamu. Akakichukua kifuu, akakiweka penye kivuli ukutani kwa babu yake. Kabla sijaondoka tulikwenda wote watatu kwenye ufa. Mimea ilikuwa kumi. Mahali pa ule wa kumi na mmoja jiwe lilikuwa tupu, na alama ya kisu changu ilionekana.

Hii leo mmea mmoja uko dirishani mwa darasa langu, nyuma ya kitambaa cheupe kinachopunguza jua, na pipa la mvua liko chini ya paa. Wanafunzi huchukua jani moja kila mwaka wakaotesha miche kwa zamu. Kadhalika tumeanza madaftari ya mimea ya mtaani kwetu. Kila mmoja huchora mmea mmoja kwa juma, akaandika majani yake, ua lake, tunda lake na mahali alipouona, na jina likaja mwisho kabisa. Tunachukua kwa macho na kwa kalamu. Tukihitaji zaidi, tunaomba, na tukinyimwa tunashukuru.

Vijana wenzangu, watu wa nyanda zile walijua zamani sana kwamba kuna mahali ambapo mkono hauruhusiwi. Ndiyo maana misitu ya Kaya za Mijikenda imesalimika chini ya ulinzi wa wazee wake, hata mwaka 2008 baadhi yake ikaandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hawakuhitaji lenzi kulijua hilo. Nasi tulio na lenzi na vitabu tusidhani kwamba elimu yatupa ruhusa ambayo wengine hawana. Ukilikuta ua la jabalini, piga magoti, lihesabu petali, tazama kijiti chake kimeinamia wapi, andika, kisha inuka uende zako mikono mitupu. Usipofanya hivyo, huenda kuna mtoto asiyekujua, naye atalipa.